Ukurasa Uliorukwa na Kalamu Nyekundu

3 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na masikio yako yakiwa yameanza kukuonea huruma. Mimi sijambo, ukiacha mgongo, ambao unaniuma kwa kukaa kitini siku nzima kama kuku anayeatamia mayai.

Shangazi ameniambia kwa simu kwamba umeshajua. Yaani habari za kitabu changu umezisikia kwa muuza magazeti, hukuzisikia kwangu. Nimeona aibu sana, baba. Kitabu kilitoka mwezi wa saba mwaka jana, na sasa ni mwezi wa pili. Kila wiki nilifunga nakala yako kwenye karatasi ya kaki, na kila wiki niliifungua tena. Nilijisemea posta ni mbali. Posta iko chini ya nyumba hii ninayoishi, nikichungulia dirishani naiona.

Basi kitabu hiki hapa. Kinamhusu mwanahisabati. Najua utakachowaza, kwa hiyo niseme mapema: siyo wewe. Huyu ni profesa, wewe ulikuwa mwalimu wa sekondari. Huyu ana ndevu. Anatafuta fomula moja kwa miaka thelathini mpaka anarukwa na akili. Watu wanapenda mwanahisabati wa namna hiyo vitabuni. Mhariri wangu aliniambia, "Ukimweka daktari, msomaji anataka amponye mtu. Ukimweka mwanahisabati, anataka awe kichaa." Nikafanya nilivyoambiwa. Na wewe unazijua hesabu zangu. Kama ningemweka mwenye akili timamu, ingebidi aeleze anachokifanya, na mimi ningeumbuka tangu ukurasa wa kwanza.

Kisome ukipata nafasi. Usipopata, si kitu. Msalimie shangazi, mwambie shali niliyomwahidi nimeshainunua.

Ni mimi,
Binti yako

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Afya yangu si ya kulalamikia. Magoti yanauma yakijisikia kuuma, sikio la kushoto limeshastaafu, la kulia linafanya kazi nusu siku. Ndiyo maana nakushukuru kwa kuandika, kwa sababu kwenye simu nasikia sauti yako kama mtu anayekoroga chai chumba cha pili. Shangazi yako anakusalimu. Anasema kwenye picha ya nyuma ya kitabu umekonda, nami nimemwambia waandishi wote hupigwa picha wakiwa na njaa.

Kitabu kimefika. Nimekaa nacho mezani na kalamu nyekundu, usinicheke. Miaka thelathini na minne nimesoma maandishi ya watoto wa watu nikiwa na kalamu hiyo mkononi, bila yenyewe macho yangu hayaendi mbele. Nimefika ukurasa wa 120, na nina maswali.

Kwanza, kwa nini huyu bwana anaandika kwenye vioo vya madirisha? Ni profesa, karatasi zimemshinda? Ukurasa wa 31 anaandika dirishani, wa 47 ukutani, wa 88 kwenye kitambaa cha meza ya watu waliomkaribisha chakula. Ningekuwa mwenyeji wake ningemtoa nje na sahani yake. Hesabu, mwanangu, huandikwa kwenye karatasi, halafu inafutwa kwa sababu ina kosa, halafu inaandikwa tena. Raba ndiyo inayofanya kazi kubwa. Katika kurasa 120 sijaona raba hata moja.

Pili, anazidisha namba za tarakimu sita kichwani na watu wanapiga makofi. Kikokotoo kinaifanya kazi hiyo, na hakuna anayekipigia makofi. Hata mimi, ambaye wanafunzi walinibandika jina la Mwalimu Baki kwa kuwauliza kila mara "na baki ngapi?", nikitaka kujua zimebaki siku ngapi mwezi uishe nahesabu kwa vidole.

Tatu, hana rafiki, hali chakula, hajui mkewe anapenda rangi gani. Chuoni niliwajua wanahisabati wa kweli watano. Mmoja alikuwa mlevi, mmoja alikuwa kinyozi siku za Jumamosi, mmoja aliimba kwaya kwa sauti mbovu, na wawili walikuwa watu wa kawaida mpaka wanachosha. Hakuna aliyerukwa na akili. Waliorukwa pale chuoni walikuwa wawili, na wote walisomea fasihi.

Sasa mbona kitabuni hatupewi hata mmoja wa kawaida? Mtu anayependa hesabu na pia anapenda watu, anayesahau miwani yake juu ya kichwa kama sisi wengine. Naona ninyi waandishi mnamtumia mwanahisabati kama watu wanavyomtumia mbwa mkali: mnamfunga getini ili wageni waogope, hakuna anayemuuliza habari zake.

Lakini unaandika vizuri. Nasema kweli, wala sikupambi. Pale mvua inapovuja ofisini na yeye anasogeza ndoo kwa mguu bila kuacha kufikiri, nilicheka peke yangu mpaka shangazi yako akaja kuchungulia kama nimepatwa na jambo.

Nikimaliza nitakurudishia nakala pamoja na alama. Usiogope, siku hizi nimekuwa mwepesi wa kutoa.

Baba yako

1 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nne, ya kwanza nikiwa nimesimama pale pale posta. Pole na magoti. Nimecheka kuhusu mbwa wa getini, halafu nikakumbuka kilichoko mbele yako kitabuni.

Kama hujafika ukurasa wa 139, naomba uiruke sura ya kumi na nne. Nakuomba kama mtoto anavyomwomba baba yake. Kama umeshafika, basi maji yamemwagika, na bora ulisikie hili kwangu.

Katika sura hiyo mke wa profesa amelazwa hospitali. Profesa anakaa kwenye kiti kando ya kitanda, daftari magotini, anaandika namba. Mke anakata roho. Yeye hainui macho. Anaandika tu, mpaka muuguzi anakuja kumwambia.

Unajua nilikoitoa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimetoka shule, nimesimama mlangoni mwa wadi. Wewe hukuniona. Nilikuona wewe, na kiti cha chuma, na lile daftari la kijani. Sijawahi kukuambia kwamba siku ile nilikuwepo.

Wasomaji wanaipenda sura hiyo kuliko zote. Wananiandikia kwamba wamelia, kwamba wamemchukia yule mwanamume kama wanamjua. Na mimi, baba, walipomchukia nilifurahi. Naona haya kuliandika hilo, lakini ni kweli. Nilifurahi kwa miezi kadhaa. Kisha barua yako imekuja na ndoo yako na kinyozi wako, na furaha yenyewe imenitoka.

Iruke, tafadhali. Nisahihishe zilizobaki.

Binti yako

14 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sijui niulize afya yako au nisiulize. Kifurushi kimefika, barua haimo. Nimeukung'uta ukurasa mmoja mmoja kama mtu anayetafuta sindano kwenye shuka.

Nimeona alama: 61. Umeandika chini yake, "Inasomeka. Punguza madirisha." Katika maisha yangu sijawahi kupata 61 kwako. Kidato cha pili ulinipa 22 na ukaandika "anajitahidi", na darasa zima lilijua kwamba hiyo ni huruma ya nyumbani.

Kila ukurasa una wekundu, mpaka ule wa shukrani. Lakini kuanzia 139 mpaka 151 hakuna hata nukta. Nilijipa moyo kwamba umeiruka kama nilivyokuomba. Halafu kwenye ukurasa wa 143 nikakuta duara la kikombe cha chai. Kwa hiyo hukuruka. Ulikaa hapo mpaka chai ikapoa.

Lazima nikuambie jambo lingine, na hili ni baya kuliko la kwanza.

Juzi nilialikwa kwenye shule moja ya wasichana kusoma mbele ya wanafunzi. Nilipomaliza, msichana mmoja wa mstari wa pili akasimama. Mdogo, miwani mikubwa, kitabu amekishika wazi. Akasema, "Samahani, mwandishi. Ukurasa wa 143 profesa anahesabu miraba. Mstari wa saba anajumlisha 91 na 49, anapata 130. Ni 140. Kosa limeteremka mpaka mwisho, akaandika 375. Jibu ni 385." Ukumbi ukaanza kucheka. Fikiria profesa bingwa wa dunia, fomula ya miaka thelathini, na kujumlisha kumemshinda.

Namba zile sikuzitunga. Nilizinakili kutoka kwenye lile daftari la kijani. Nililichukua kwenye droo ya cherehani ya mama siku nilipoondoka nyumbani, nikiwa na miaka kumi na tisa. Sikukuomba. Nilitaka kitu cha kunikumbusha kwa nini nimeondoka. Nilizinakili bila kuelewa, mwandiko wako, tarakimu kwa tarakimu, kwa kuamini kwamba wewe huwezi kukosea.

Na pale ukumbini, walipokuwa wakicheka, unajua nilisema nini? Nilisema, "Hizo nimezitoa kwenye daftari la baba yangu. Alikuwa mwalimu wa hesabu, kwa hiyo mlaumuni yeye." Wakavunjika mbavu. Walimu wao pia. Na mimi nikacheka nao. Nilikusimamisha mbele ya watoto mia tatu ili nisisimame mwenyewe.

Nilipofika nyumbani nikafungua nakala yako. 91 jumlisha 49 ni 130, iko pale pale, karibu na duara la kikombe, na hujaigusa. Wewe uliyesahihisha kadi ya harusi ya jirani kwa kalamu nyekundu kwa sababu tarehe na siku havikupatana! Kwa nini hiyo umeiacha?

Kitabu kinachapwa upya. Mhariri anataka masahihisho kabla ya mwisho wa Juni. Niweke 385?

Binti yako

22 Mei

Baba,

Shikamoo, kama bado unaniitikia. Wiki tano zimepita. Shangazi anasema u mzima, unakwenda kwa kinyozi, unamwagilia miche yako, lakini kitabu hukitaji, na kalamu nyekundu umeiweka kabatini. Hilo la kalamu ndilo lililonikosesha raha.

Sina la kujitetea. Nilikutumia. Watu walimtaka mwanahisabati asiye na moyo, nikawapa, na nikamvika koti lako la kahawia lenye vumbi la chaki mfukoni. Zile ndevu nilimbandika ili nikiandika nisiuone uso wako. Nilisema siyo wewe, na mtu yeyote aliyewahi kupita mtaa wetu angesema huyu ni Mwalimu Baki.

Miaka mitatu sijaja nyumbani. Nimekuwa nikisingizia kazi. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo, kukusema.

Nisamehe, au nigombeze, au niandikie mstari mmoja kuhusu magoti yako. Chochote.

Binti yako

9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Naitikia bado. Magoti yapo. Sikukuandikia kwa sababu kila nikianza nilikuwa napasua karatasi, na shangazi yako amechoka kuziokota. Hii naipeleka posta hata ikiwa mbovu.

Kwanza nikuondoe kwenye kosa moja. Mwandiko wa lile daftari ni wangu, hesabu ni za mama yako.

Wewe unamkumbuka kama fundi cherehani, naye alikuwa fundi kweli. Shule aliiacha mapema. Lakini siku moja, akiunganisha vipande vya vitambaa kuwa shuka, kumi kwenda chini na kumi kwenda kando, akaniuliza: "Hapa nimeona vipande mia. Lakini vinne vikikaa pamoja navyo ni mraba, na tisa pia, na shuka zima ni mraba. Yote kwa pamoja ni miraba mingapi?" Mimi jibu nilikuwa nalo. Nilifungua mdomo, akaninyooshea mkasi. "Ukiniambia, nafungasha narudi kwetu."

Basi swali likawa lake. Alipolazwa akaenda nalo. Mikono ilikuwa imeshakosa nguvu ya kushika penseli, kwa hiyo yeye alisema, mimi niliandika. Wiki tatu. Alianza na shuka la kipande kimoja, mraba mmoja. La viwili kwa viwili, mitano. La vitatu kwa vitatu, kumi na nne. Amelala chali, anatazama dari, anahesabu vigae vya dari badala ya vitambaa. Na siku moja akasema, "Kila nikikuza shuka, naongeza namba iliyozidishwa yenyewe kwa yenyewe. Moja, nne, tisa, kumi na sita." Mwanangu, jambo hilo nilikuwa nimelifundisha madarasani miaka nenda rudi kwa watoto waliolisahau kabla ya Ijumaa. Yeye alilipata peke yake kitandani. Nilijisikia kama nimeoa upya.

Siku ile uliposimama mlangoni ilikuwa Alhamisi, saa kumi alasiri, saa ya kuona wagonjwa. Alitaka kumaliza. Alipofika mstari wa saba akasema, "Tisini na moja na arobaini na tisa, mia na thelathini." Penseli yangu ikasita. Alinijua. Akasema, "Nimekosea?" Nikafungua mdomo. Akasema, "Usiseme. Nitalitafuta mwenyewe. Wewe andika." Nikaandika 130. Tukaendelea mpaka 375. Kisha akasema, "Kuna mahali hapakai sawa. Nipe nafasi."

Nikampa nafasi.

Wewe umekaa darasani kwangu, unajua nilivyokuwa nikitoa nafasi. Mtoto akikwama ubaoni, sikumtazama. Niliinamisha macho kwenye daftari langu na kukaa kimya, kwa sababu mtoto anayekodolewa macho na mwalimu hawezi kufikiri. Wakaguzi walinisifu kwa hilo. Nilijivunia. Basi na mama yako nilimfanyia hivyo hivyo. Niliinamisha macho kwenye daftari ili nisimharakishe. Nilisubiri. Sijui nilisubiri muda gani. Nilikuwa nafurahi, nikijua kwamba sasa hivi atasema "mia na arobaini" kwa ile sauti yake ya kunikomoa. Muuguzi alikuja kupima joto, na yeye ndiye aliyeniambia.

Kwa hiyo ulichokiona mlangoni ni kweli. Nilikuwa natazama daftari. Mke wangu aliondoka nikiwa hatua moja kutoka kwake, macho yangu yako kwenye karatasi. Nimekaa na aibu hiyo miaka ishirini na sita, sikumwambia hata shangazi yako. Nilipoikuta kitabuni, na picha yako nyuma, nilidhani ulijua siku zote na ulikuwa unangoja niseme mwenyewe. Ndiyo maana kalamu haikupita hapo. Nilitafuta kosa katika sura ile, sikuliona. Madirisha ni uongo, ndevu ni uongo, fomula yako ya miaka thelathini haiwezi hata kuoka mkate. Sura ya kumi na nne ndiyo pekee iliyo sahihi.

Na ile 130 si yangu kuisahihisha. Mwenyewe alisema atalitafuta.

Kitabu ni chako, utaweka unachotaka. Yule msichana ana haki, na mwambie Mwalimu Baki amempa mia kwa mia. Ila ukiniuliza mimi, iache ilivyo. Usinipake chokaa kwenye toleo jipya pia, sitaki profesa atoe machozi kwa ajili ya kunifurahisha.

Baba yako

16 Juni

Baba,

Shikamoo. Sitauliza afya leo. Nina neno nikichelewa sitalisema.

Kitabuni hakuna mtoto. Hukujiuliza kwa nini? Nimeandika kila kitu cha siku ile, kiti cha chuma, pazia la kijivu, mpaka nzi kwenye bilauri, lakini mtoto aliyesimama mlangoni nikamtoa.

Mkono wa mama ulikuwa juu ya blanketi, kiganja wazi. Nikauona unateleza pembeni ya kitanda na kuning'inia. Haukurudi. Nilijua, baba. Usiniulize mtoto wa miaka kumi na mmoja anajuaje. Nilijua kabla yako. Nikakutazama wewe ili uniambie kwamba si kweli, na wewe ulikuwa umeinama. Nikageuka nikakimbia. Nilikwenda kwenye bomba la uani kwetu nikaosha miguu, nikaosha tena, mpaka shangazi akaja kunitafuta na kunipa habari niliyokuwa nayo.

Ningeingia. Ilikuwa hatua kumi. Ningekugusa, ungeinua macho, labda angekuwa bado anakuona. Sikuingia. Na kwa kuwa sikuweza kukaa na hilo, nikakuchukia wewe kwa kutotazama, maana mimi nilitazama na sikufanya kitu. Kurasa 212 nimeandika juu ya mtu asiyeinua macho, ili asiulizwe mtu aliyeinua. Na kumpata wa kumlaumu ilikuwa rahisi, kwa sababu mwanahisabati asiye na moyo yuko tayari vitabuni tangu zamani. Hakuna msomaji aliyeuliza kama ni kweli. Hata mimi sikuuliza.

Nimemwambia mhariri namba zibaki, 130 na 375. Nimeongeza aya moja tu: mtoto mlangoni, mkono, bomba la uani. Mhariri amelalamika kwamba sasa msomaji atamhurumia profesa na kumkasirikia mtoto. Nikamwambia ndiyo.

Nilirudi pia kwenye ile shule. Nilisimama mbele yao wote, nikasema kwamba siku ile niliwadanganya. Kwamba hesabu zilikuwa za mama yangu, na lawama zilikuwa zangu, na mwalimu niliyewachekesha naye hakukosea kitu. Hakuna aliyecheka. Yule msichana nikampa salamu zako na mia yake. Akauliza, "Na mama alilipata kosa?" Nikamwambia hakuwahi. Akasema, "Angelipata. Ni mistari mitatu tu kurudi nyuma."

Nakuja, baba. Jumamosi tarehe 27, basi linafika saa tisa alasiri. Nakuletea daftari la mama, ni lako. Kama hutataka kunifungulia nitaelewa, nitamkabidhi shangazi.

Binti yako

22 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika leo, nami najibu leo leo ili ikuwahi.

Nimeisoma. Kisha nimetoka nje nikakaa kwenye ngazi, na shangazi yako akakaa nami bila kuuliza, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Jambo la siku ile lilikuwa la watu wazima, na watu wazima wenyewe lilitushinda. Siku ile shangazi yako alikuleta kutoka bombani na soksi zimelowa, nikakugombeza kwa soksi. Ningeuliza ulikuwa wapi. Sikuuliza siku ile wala miaka yote iliyofuata. Hilo ni langu, usilibebe.

Mwambie yule msichana kwamba hata mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo, mistari mitatu.

Jumamosi nitakuwepo. Ukipiga hodi sitasikia, kwa hiyo mlango nitauacha wazi. Wewe ingia tu. Na ukinikuta nimeinama mezani, usingoje niinue macho. Nishike bega.

Baba